Brazil na Ndoto ya Intaneti Isiyochunguliwa

Usiku wa Jumapili, tarehe 1 Septemba 2013, kipindi cha Fantástico cha televisheni ya Globo kilirusha hewani nyaraka za siri za Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA. Nyaraka hizo, zilizotolewa na Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi wa shirika hilo, zilionyesha kwamba majasusi wa Marekani walikuwa wakifuatilia mawasiliano ya Rais Dilma Rousseff na wasaidizi wake wa karibu. Juma moja baadaye kipindi hichohicho kilirudi na habari nyingine: Petrobras, kampuni ya mafuta ya taifa, nayo ilikuwa imelengwa.

Habari hiyo ya pili ilitonesha kidonda. Tangu Snowden aanze kufichua siri mwezi Juni, Washington ilikuwa ikijitetea kwamba uchunguzi wote huo ni wa kupambana na ugaidi. Sasa Wabrazili wakajiuliza ni gaidi gani anayetafutwa ndani ya kampuni inayochimba mafuta chini ya bahari, tena wiki chache tu kabla ya mnada wa kitalu kikubwa cha mafuta cha Libra.

Rousseff hakunyamaza. Tarehe 17 Septemba aliahirisha ziara ya kitaifa aliyokuwa aifanye Washington mwezi uliofuata. Tarehe 24 alipanda jukwaa la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York, akaushutumu uchunguzi huo kuwa ni uvunjaji wa sheria za kimataifa na wa haki za watu. Mwanamke huyu alikuwa na sababu zake: akiwa kijana alifungwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa nchi yake, na anajua serikali inayosikiliza kila neno inaweza kufika wapi. Akatangaza kwamba Brazil itatunga sheria na kujenga teknolojia ya kujilinda.

Kuanzia hapo nchi ya watu wapatao milioni 200 ikaingia katika jaribio ambalo nchi nyingi zimelitamani bila kulitekeleza. Brazil ilijaribu karibu kila dawa iliyopo: mkongo mpya wa baharini, satelaiti, barua pepe ya serikali, sheria, diplomasia, hata pendekezo la kuyalazimisha makampuni yahifadhi data ndani ya nchi. Zaidi ya miaka kumi imepita, na inawezekana sasa kutazama dawa ipi ilifanya kazi, ipi ilishindwa, na kwa nini.

Ili kuelewa matokeo hayo, lazima kwanza ieleweke jinsi mawasiliano ya nchi yanavyochunguzwa kutoka nje. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni nyaya. Karibu mawasiliano yote ya intaneti kati ya mabara hupita kwenye nyaya za kioo zilizolazwa chini ya bahari, na mahali nyaya hizo zinapotua ufukweni ndipo panapofaa kwa mtu anayetaka kunakili kinachopita. Uingereza, kupitia shirika lake la GCHQ, ilifanya hivyo kwa mpango ulioitwa Tempora. Amerika Kusini ilikuwa katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa njia zake kuu kuelekea duniani zilipita Marekani, hasa Miami. Brazil ilikuwa na mkongo mmoja tu wa moja kwa moja kwenda Ulaya, Atlantis-2 wa mwaka 2000, wenye uwezo mdogo. Barua pepe iliyotumwa kutoka São Paulo kwenda Lisbon, miji miwili inayozungumza lugha moja, ilipanda kwanza hadi Florida ndipo ivuke Atlantiki.

Ya pili ni makampuni. Chini ya mpango wa PRISM, NSA ilipata data kutoka makampuni makubwa ya Marekani kama Google, Microsoft, Yahoo na Facebook, ikitumia kifungu cha 702 cha sheria ya ujasusi wa kigeni ya nchi hiyo. Kifungu hicho kinawalenga watu wasio Wamarekani walio nje ya Marekani. Mkulima wa Bahia anayetumia Gmail kumwandikia jirani yake anaingia humo, hata kama hajawahi kukanyaga nje ya jimbo lake.

Ya tatu ni vifaa vyenyewe: simu, kompyuta, ruta na mashine za usimbaji. Mwaka 2014 zilichapishwa nyaraka zilizoonyesha NSA ikifungua maboksi ya vifaa vya mtandao vikiwa njiani kwenda kwa wateja wa nje, ikivipachika programu zake na kuvifunga tena. Mwaka 2020 ikajulikana kwamba Crypto AG, kampuni ya Uswisi iliyouzia zaidi ya nchi 120 mashine za kuficha siri za serikali, ilimilikiwa kwa siri tangu 1970 na CIA pamoja na ujasusi wa Ujerumani Magharibi. Serikali hizo zililipa fedha zao wenyewe kununua mashine zilizowasaidia wengine kuzisoma.

Kila hatua ya Brazil basi inafaa ipimwe kwa swali moja: ilifunga njia ipi kati ya hizi tatu?

Hatua iliyovuta macho zaidi ilikuwa mkongo. Serikali ilitangaza kwamba utajengwa mkongo wa kuiunganisha Brazil na Ulaya bila kugusa ardhi ya Marekani. Kampuni ya taifa ya Telebras iliingia ubia na wawekezaji wa Kihispania, fedha zikasuasua, serikali zikabadilika, na mradi ukaishia zaidi mikononi mwa wawekezaji wa Ulaya. Hatimaye mwaka 2021 mkongo huo, EllaLink, ulizinduliwa: takribani kilomita 6,000 kutoka Fortaleza, kaskazini mashariki mwa Brazil, hadi Sines nchini Ureno.

Anayefika Praia do Futuro, ufukwe wa Fortaleza unaojaa wauza samaki na waogeleaji kila mwisho wa wiki, hawezi kuona kwamba chini ya mchanga ule inapita sehemu kubwa ya mawasiliano ya bara zima. Nyaya zaidi ya kumi zinatua hapo, kwa kuwa ndiyo ncha ya Brazil iliyo karibu na Ulaya, Afrika na Marekani kwa pamoja. Mwaka 2023 palizuka mzozo mkali pale serikali ya jimbo la Ceará ilipotaka kujenga mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari jirani na mahali nyaya zinapotua. Makampuni ya mawasiliano yakalalamika kwamba mabomba yangeweza kuziharibu. Jimbo lenye kiu lilihitaji maji, taifa likahofia mtandao wake kuzimika. Mzozo ule ulionyesha jambo ambalo hotuba za uhuru wa kidijitali hulisahau: hata nchi kubwa inaweza kuning'inia kwenye kipande kimoja cha ufukwe.

Je, EllaLink ulifunga njia ya kwanza? Kwa upande wa usiri, kwa kiasi kidogo sana. Ulaya unakotua ndiko walikokuwa GCHQ na washirika wengine wa NSA. Data iliyokwepa Miami inaweza kunaswa mahali pengine, na sehemu kubwa ya data ya Wabrazili iliendelea kwenda Marekani kwa sababu ndiko ziliko seva za huduma wanazozitumia. Faida halisi ya mkongo ilikuwa nyingine: safari ya data kwenda Ulaya ilifupika mno, wanasayansi wa Amerika Kusini wakapata njia pana ya kushirikiana na wenzao wa Ulaya, na nchi ikapata njia mbadala endapo nyingine zitakatika. Hizo ni faida kubwa. Ila anayeuza mkongo kwa jina la kinga dhidi ya majasusi anauza kitu ambacho mkongo hauna.

Hatua ya pili ilikuwa serikali kujitegemea katika mawasiliano yake yenyewe. Novemba 2013 Rousseff alitia saini amri namba 8,135 iliyotaka taasisi za serikali kuu zitumie huduma za mashirika ya umma, kama Telebras na Serpro, badala ya za makampuni binafsi. Serpro, shirika la teknolojia la serikali, lilikuwa na mfumo wake wa barua pepe ulioitwa Expresso, na ndio uliopangiwa kubeba siri za wizara. Kisha tarehe 4 Mei 2017 satelaiti SGDC ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na masafa maalumu ya jeshi na mengine ya kupeleka intaneti vijijini. Vituo vya kuiongoza viko Brazil. Aliyeitengeneza ni Thales Alenia Space, kampuni ya Ulaya, na roketi iliyoibeba ilikuwa Ariane 5 ya Ulaya.

Satelaiti imebaki. Amri haikudumu: Desemba 2018 ilifutwa na sera mpya ya usalama wa taarifa, na wizara zikabaki huru kununua huduma sokoni. Tatizo halikuwa wazo. Mfumo wa barua pepe unahitaji wahandisi wanaolipwa vizuri, marekebisho kila wiki, na watumiaji wanaouona ni rahisi kuliko ule waliouzoea. Watumishi wa umma hawatumii chombo kwa sababu ni cha kizalendo. Wanatumia kinachofanya kazi. Serikali iliyoamuru bila kugharimia miaka kumi ya matengenezo iliishia kuwa na amri ya karatasi.

Hatua ya tatu iliibua mabishano makali zaidi. Baada ya kashfa, serikali ilichomeka ndani ya muswada wa haki za intaneti kifungu cha kuyalazimisha makampuni ya kigeni yahifadhi data za Wabrazili katika vituo vilivyo Brazil. Makampuni yalipinga kwa sababu ya gharama. Wahandisi na watetezi wa haki nao walipinga, na hoja yao ndiyo iliyokuwa nzito. Kwanza, kampuni ya Marekani inaweza kubanwa na sheria ya Marekani hata kama seva yake iko Brasília. Sheria iitwayo CLOUD Act ya mwaka 2018 ilikuja kuliandika jambo hilo waziwazi. Pili, data zote zikilundikwa mahali pamoja ndani ya nchi, anayefaidika kwanza ni polisi wa nchi hiyo. Machi 2014 serikali ilikiondoa kifungu ili muswada upite. Badala yake sheria ikasema kwamba data inayokusanywa Brazil inaongozwa na sheria ya Brazil, popote inapohifadhiwa.

Muswada huo ndio Marco Civil da Internet, uliotiwa saini na Rousseff tarehe 23 Aprili 2014 jijini São Paulo, mbele ya wajumbe wa mkutano wa kimataifa wa NETmundial. Uliweka sharti la amri ya mahakama kabla ya mtu kupekua mawasiliano ya mwingine, na ukawakataza watoa huduma kupendelea aina moja ya data dhidi ya nyingine. Uandishi wake ulikuwa umeanza mwaka 2009 kwa maoni ya wananchi mtandaoni. Mwaka 2018 ikafuata sheria ya kulinda taarifa binafsi, na mwaka 2022 katiba ikarekebishwa ili ulinzi huo uwe haki ya msingi. Hakuna hata moja kati ya sheria hizi inayomfunga mikono jasusi aliyekaa Maryland, yaliko makao makuu ya NSA. Zimemfunga mikono mtu aliye karibu zaidi na Mbrazili wa kawaida: kampuni ya simu, benki, na polisi wa mtaani kwake.

Katika diplomasia, Brazil ilipata mwenzake haraka. Oktoba 2013 iliripotiwa kwamba simu ya Kansela Angela Merkel nayo ilikuwa imefuatiliwa, na Ujerumani ikaungana na Brazil kupeleka azimio Umoja wa Mataifa. Azimio la haki ya faragha katika zama za kidijitali lilipitishwa bila kupingwa tarehe 18 Desemba 2013. Siku hiyohiyo Brazil ilitangaza kwamba ndege 36 za kivita ilizozitafuta kwa miaka mingi itazinunua Saab ya Sweden. Boeing ya Marekani ikaachwa, na wachambuzi wengi wakasema kashfa ilichangia. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukateua mtaalamu maalumu wa faragha. Mwaka huohuo WikiLeaks ilichapisha orodha ya namba 29 za simu za viongozi wa Brazil zilizolengwa na NSA, siku chache tu baada ya Rousseff kufika hatimaye Washington. Diplomasia ilipandisha gharama ya kisiasa ya kukamatwa ukipeleleza. Haikuukomesha upelelezi.

Hatua iliyozaa matunda zaidi ni ile iliyopigiwa kelele kidogo kuliko zote, na ilianza kabla ya Snowden. Tangu 2004 Brazil imekuwa ikijenga vituo vya kubadilishana data, sasa vikijulikana kama IX.br. Kazi ya kituo cha namna hii ni rahisi kueleza: watoa huduma wote wa mji wanaleta nyaya zao kwenye jengo moja, na mteja wa kampuni hii akimwandikia mteja wa kampuni ile, ujumbe unahamia hapohapo badala ya kuzunguka nje ya nchi. Vituo hivyo viko katika majiji zaidi ya 30, na kile cha São Paulo ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Vinaendeshwa na NIC.br, taasisi isiyo ya faida inayojilipia kwa ada za majina ya tovuti ya .br, chini ya kamati ambamo serikali, wafanyabiashara, wanazuoni na asasi za kiraia wote wana viti. Hakuna rais aliyehitaji kutia saini amri. Huduma ilikuwa nafuu na ya haraka, watoa huduma wakaja wenyewe, na data nyingi ya Wabrazili ikabaki Brazil kwa kuwa ndiyo njia fupi.

Lakini hadithi hii ina upande ambao Wabrazili wenyewe wameujadili kwa uchungu. Novemba 2013, wakati hasira dhidi ya Washington ikiwa bado ya moto, gazeti la Folha de S. Paulo liliripoti kwamba shirika la ujasusi la Brazil, ABIN, nalo liliwahi kuwafuatilia wanadiplomasia wa kigeni waliokuwa nchini, na serikali haikukana. Baadaye yalikuja mazito zaidi. Oktoba 2023 polisi wa shirikisho walifanya msako kuhusu programu ya FirstMile, yenye asili ya Israeli, ambayo ABIN inadaiwa kuitumia bila idhini ya mahakama wakati wa utawala wa Jair Bolsonaro kujua mahali zilipo simu za watu, wakiwamo wapinzani na waandishi wa habari. Programu hiyo haikuhitaji mkongo wa Miami. Ilitumia mitandao ya simu ya Brazil yenyewe.

Hata usimbaji, kinga pekee inayozigusa njia zote mbili za kwanza kwa mpigo, ulikutana na upinzani nyumbani. Ujumbe uliosimbwa kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji unapita kwenye mkongo ukiwa hausomeki, na kampuni inayousafirisha haina ufunguo wake. Ndiyo maana WhatsApp, baada ya kukamilisha usimbaji wa aina hiyo Aprili 2016, iliwaambia mahakimu kwamba haina cha kuwapa. Mara tatu, Desemba 2015, Mei 2016 na Julai 2016, mahakimu wa Brazil waliamuru huduma hiyo ifungwe nchi nzima kwa sababu kampuni haikutoa taarifa za upelelezi wa jinai, na kila mara mahakama za juu zikatengua amri. Nchi iliyokuwa imelia mbele ya dunia kwamba inasikilizwa ilikuwa inakifunga chombo kinachozuia kusikilizwa.

Mambo haya yanaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mei 2014 nyaraka za Snowden zilionyesha kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo NSA, kupitia mpango wa MYSTIC, ilikusanya kumbukumbu za simu zake: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Januari 2018 gazeti la Le Monde liliripoti kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililojengwa kwa msaada wa China, zilikuwa zikinakiliwa usiku kwenda Shanghai kwa miaka mitano, ingawa China ilikanusha. Mchunguzi anaweza kutoka Magharibi au Mashariki, na mwenye kuchunguzwa anabaki yuleyule.

Eneo hili nalo lina uzoefu wake. Mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya walifungua kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, KIXP, ili barua pepe kati ya Wakenya zisizunguke ng'ambo kwa satelaiti. Wiki chache baadaye mamlaka ya mawasiliano ilikifunga, kufuatia malalamiko ya Telkom iliyokuwa na haki ya ukiritimba, na hakikurudi hadi Februari 2002. Dar es Salaam ilipata kituo chake mwaka 2004. Nyaya za baharini zilifika kuanzia 2009. Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilipokatika karibu kwa pamoja, intaneti ilidorora kutoka Tanzania hadi Uganda, na kila aliyeshindwa kutuma fedha siku hiyo alielewa maana ya kutegemea njia chache. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023.

Sasa serikali za eneo hili zinajenga vituo vya data vya taifa, baadhi kwa mikopo na mitambo ya China, na neno uhuru wa kidijitali linasikika katika hotuba nyingi. Uzoefu wa Brazil unaonyesha pa kuelekeza macho. Jengo na mkongo vinaleta kasi na uhakika wa huduma, na vinastahili fedha kwa sababu hizo. Usiri unaletwa na usimbaji, na wahandisi wa kudumu, na mahakama inayoweza kumwambia jasusi wa ndani hapana. Nchi inayojenga vitu vya kwanza na kuviacha vya pili imehamisha tu kiti cha msikilizaji kutoka ng'ambo hadi mji mkuu wake.

Kwa hiyo bajeti ya kituo cha data itakapofika bungeni, iwe Dodoma, Nairobi au Kampala, wabunge na waandishi wa habari waombe majibu ya maswali manne kabla ya fedha kupita. Nani anashika funguo za data zitakazohifadhiwa humo? Nani anazitengeneza na kuzirekebisha mashine, na mkataba wake unasema nini? Ni hakimu gani atakayeidhinisha upekuzi, na mwananchi aliyepekuliwa atajulishwa lini? Na je, serikali iko tayari kuuruhusu usimbaji hata pale unapoizuia yenyewe kusoma? Waziri asiyekuwa na majibu ya maswali hayo arudishwe akayatafute.